Sista wa Dozi

Mara ya kwanza kuingia kanisani nilikwenda kumzika mpishi wa hospitali ya misheni. Nilikaa viti vya nyuma pamoja na Waislamu wenzangu tuliotoka Miteja na Kinjumbi. Sista hakwenda mbele kukaa na masista wenzake. Alikuja akaketi pembeni yangu. Wakaanza ile sala yao kubwa ambayo hata sisi tuliosoma nao shule za serikali tumeisikia mara nyingi. Walipofika mahali wanapomwomba Mungu awasamehe kama wao wanavyosamehe, Sista alifunga mdomo. Pakapita. Akaungana nao tena mpaka mwisho.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Sista, mbona kuna mahali ulinyamaza?"

"Uliona?"

"Niliona."

"Siahidi nisichokitimiza," akasema, akaenda kupokea beleshi kwa wachimbaji.

Ndivyo alivyokuwa. Kule vilimani, ilipo hospitali ya misheni, walimwita Sista wa Dozi. Jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa utawani. Alikuwa mfamasia wa hospitali. Alivaa buti za mpira masika na kiangazi, aliendesha pikipiki huku kanzu ameikunja magotini, na mfukoni hakukosa korosho za kuchoma alizogawa kwa wagonjwa aliowapenda tu. Jumamosi aliweka redio dirishani mwa famasi akasikiliza mpira, na timu yake ikifungwa, mtu mwenye akili aliahirisha kwenda kuchukua dawa.

Kinyongo alikuwa nacho cha kila ukubwa. Paroko mmoja aliazima ngazi yake akairudisha imevunjika kipago. Paroko yule alihamishwa, akaja mwingine, akahamishwa naye, na Sista bado aliiita ngazi ile "ngazi ya yule bwana". Kulikuwa pia na mwenyekiti wa kijiji aliyewahi kueneza kwamba dawa za misheni zinafunga vizazi vya wanawake. Wanawake wengi waliacha kuja kliniki kwa ajili yake. Baadaye mwenyekiti huyo alishikwa na kisukari, mguu ukaoza. Manesi walishindwa na harufu. Sista alitoka famasi, akapiga magoti sakafuni, akausafisha mguu ule kwa mikono yake, akaufunga, na kila siku alirudi kufanya hivyo hivyo mpaka ukapona. Siku zote hizo hakumsalimia hata mara moja. Mzee alilia.

"Sista, nisamehe basi."

"Inua mguu," Sista akasema.

Mimi nilimjua kwa ajili ya mwanangu. Nina steshenari ndogo Miteja, kando ya barabara kuu. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Mwanangu Zuwena alipokuwa mchanga alipatwa na homa kali. Nesi wa zahanati alimpima uzito, akaingiza kwenye simu, simu ikamwambia dawa ya sindano kiasi gani na mara ngapi kwa siku. Homa ikaisha. Tulishukuru. Lakini siku zilivyokwenda nikaona namwita hageuki. Nikasema labda ni mkaidi kama baba yake. Asubuhi moja nilichukua sufuria na mwiko, nikagonga nyuma ya kichwa chake kwa nguvu zote. Hakugeuka. Aliendelea kuchezea kifuniko cha chupa.

Watu wakamgeukia nesi. Wakasema alikuwa amelewa, wakasema cheti chake ni cha kununua. Alipopita dukani wanawake walinyamaza. Hata mimi nilinyamaza.

Ndipo Sista akaja. Alizima pikipiki uani kwangu, buti zimejaa matope.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Usinikaribishe ndani. Nisikilize hapa hapa. Dawa aliyochomwa mwanao ilizidi, na ndiyo iliyoua masikio yake. Nesi hakukosea. Nesi alifuata simu, simu ilifuata programu, na programu ni yangu."

Nilimwambia atoke uani kwangu. Akatoka. Hakurudi vilimani, alikwenda moja kwa moja kwa serikali ya kijiji, akaomba mkutano, akasimama mbele ya watu akarudia maneno yale yale, nesi akiwa amekaa kiti cha mbele. Siku iliyofuata akaja tena kwangu, na safari hii nilimpa kiti, kwa sababu nilitaka kujua ilikuwaje.

Programu ile alikuwa ameianzisha yeye. Nesi anaingiza uzito na ugonjwa, simu inampa dozi, basi. Ilikuwa programu huria: maandishi yake yote yako wazi mtandaoni, kila mtu duniani ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia na kupendekeza masahihisho. Zahanati za kwetu zote mpaka Pande ziliitumia, na walikuwapo wasaidizi wa nchi za mbali ambao Sista hakuwahi kuwaona sura. Lakini maandishi peke yake ni kama unga, simu haiwezi kuula. Lazima yapikwe yawe faili ambalo simu inalipokea, ndipo toleo jipya litolewe. Wao wenyewe walisema hivyo, kupika. Na aliyepika alikuwa mmoja tu, kijana wa Lindi waliyemwita Mhandisi. Alikuwa na Sista tangu mwanzo. Sista alimpenda kama mtoto wa dada yake.

"Alikuwa anapikia kwenye laptopu yake," Sista akaniambia. "Ndani ya laptopu kulikuwa na jedwali la zamani la dozi. Zamani dawa ile tulitoa kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Siku hizi tunatoa yote kwa mara moja. Yeye alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Akapika bila kuosha chungu. Likatoka toleo lenye kiasi kipya na mara tatu za zamani. Hakulijaribu. Akalituma, mengine akayasambaza kwa flashi."

"Kwa hiyo alikosea."

"Ngoja. Baada ya juma moja aliliona kosa. Akapika toleo jingine lililo sahihi, akalitoa, na hakumwambia mtu yeyote. Zahanati ambazo hazikuwa na bando zilibaki na lile bovu. Ya kwenu ilikuwa mojawapo. Mwanao alichomwa wakati yeye ameshajua."

Zuwena alikuwa anatambaa kuelekea buti za Sista.

"Unataka nini?" Sista akaniuliza.

"Nataka aumie."

"Na mimi. Lakini mimi na wewe hatujui kupiga mtu. Tutumie tunachokijua."

Kwanza aliandika. Kwenye ukurasa wa mradi, mahali ambapo kila anayechukua programu lazima apite, alieleza yaliyotokea tangu mwanzo hadi mwisho, lake akaliita lake na la Mhandisi akaliita la Mhandisi, kwa jina lake kamili. Hakuongeza chumvi. Nilimsomea kwa sauti kabla hajautoa, na kila sentensi ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana ilichoma.

Pili alimnyang'anya jiko. Alichukua kompyuta kuukuu ya hospitali akaiweka famasi, akaipa kazi ya kupika peke yake. Kila mara ilianza ikiwa tupu kabisa, ikachukua kila kitu upya kutoka kwenye yale maandishi ya wazi, na mtu yeyote aliweza kufuatilia hatua zake zote mtandaoni. Ikimaliza kupika ilijijaribu yenyewe kwa mifano ya wagonjwa, na jaribio moja likishindwa, hakuna toleo. Sista alikuja kuniomba ruhusa kuhusu jaribio la kwanza kabisa: uzito wa Zuwena wa siku ile, ugonjwa wa Zuwena, dozi ambayo Zuwena alistahili kupata. Alitaka liitwe kwa jina lake. Nikakubali.

Kisha akasema kompyuta nayo inaweza kudanganya. Akataka mpishi wa pili, mahali pengine, kwenye mashine nyingine. Akipika na yeye, mafaili mawili yalinganishwe. Kila faili lina alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ndani ya programu ikibadilika nukta moja, mstari wote unabadilika. Alama zikilingana, wote wawili wanatia sahihi, kila mmoja kwa ufunguo wake, kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta na kubonyeza, toleo linatoka. Zisipolingana, kila mtu anakaa palepale mpaka ijulikane kwa nini.

"Na mpishi wa pili ni wewe," akaniambia.

"Sista, mimi najua kuchapa barua."

"Unajua kuchukia. Kuchapa kwingine nitakufundisha."

Alinifundisha bila huruma. Nikiuliza swali mara ya pili alijibu; mara ya tatu aliwasha pikipiki akaondoka. Mwaka wa kwanza alama zetu hazikulingana karibu kila tulipopika. Mara saa ya kompyuta yangu ilikuwa nyuma, na programu ilikuwa inaandika ndani yake muda iliopikwa. Mara majina ya mafaili yalipangwa kwa utaratibu mwingine. Kila chanzo tulikitafuta mpaka tukakiona, tukakiziba, Sista akacheka kicheko chake kile cha kukohoa, akasema, "Hapa angepita." Hakutaja nani. Kwake kila ufa uliozibwa ulikuwa njia moja ambayo Mhandisi hangeweza kurudia.

Utaratibu uliendelea kukua, na ukitaka historia yake, tafuta ni nani alimuudhi. Mganga mmoja wa wilaya aliwahi kusambaza toleo la majaribio kwa sababu lilikuwa na rangi nzuri. Tangu siku hiyo toleo la majaribio likifunguliwa linaonyesha skrini nyekundu inayokera macho. Msaidizi mmoja wa mbali aliandika maelezo ya toleo ambayo hakuna nesi aliyeyaelewa. Tangu siku hiyo hakuna toleo linalotoka bila maelezo ya Kiswahili ambayo mimi, mtu wa steshenari, nimeyasoma nikasema nimeelewa. Na likionekana kosa, zahanati zote zinapigiwa simu, hata zile zisizo na bando, kabla aliyeliona hajaanza kulirekebisha. "Kosa litangazwe kabla ya uji," ndivyo alivyosema, na kweli nimemwona akiacha uji ukapoa.

Wengine walilalamika kwamba tunachelewesha. Msaidizi mmoja akaandika mbele ya watu wote kwamba utaratibu wetu ni wa watu wasioaminiana. Sista alimjibu kwa neno moja.

"Ndiyo."

Sista huyo huyo, ajabu yake, hakuwahi kumficha mtu dawa kwa kinyongo, wala kuchelewesha toleo ili kumkomoa anayelisubiri. Mwenye duka la dawa mmoja aliyewahi kumtukana alituma sahihisho la dozi ya watoto. Lilikuwa sahihisho zuri. Sista alilisoma akisonya tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akalipitisha siku ileile, na jina la mwenye duka likawekwa panapostahili. "Simpendi," akasema. "Hesabu yake sina ugomvi nayo."

Mhandisi naye aliumia. Sitaficha, nilifuatilia. Ule ukurasa ulimtangulia kila alikokwenda kuomba kazi. Waliosoma jina lake walilitafuta, wakaukuta. Mwisho akatuma wazee. Walipanda kutoka Lindi kwa gari la kukodi, wajomba zake wawili na mama yake mzazi, na yeye mwenyewe nyuma yao amejikunyata. Sista alinipigia simu nije. Aliwapikia wali na kunde, akawaandalia maji ya kunawa, akawasikiliza.

Mjomba mkubwa alizungumza vizuri, kiutu uzima. "Sista, tumekuja kwa miguu ya heshima. Kosa ni la binadamu."

"Kosa ni la binadamu, mzee wangu," Sista akasema. "Kunyamaza kulikuwa ni kwake."

Mhandisi akainua uso. "Sista, kisa chote kibaki. Ondoa jina langu tu."

"Rudisha masikio ya mtoto nami nitalifuta."

Mama yake akaanza kulia, kilio cha chini cha mtu aliyeshalia sana nyumbani. Akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ni mzazi. Sema neno."

Nilimwambia, "Mama, mimi ninapomwita mwanangu lazima niende nikamguse bega. Wa kwako umemwita akaja." Sikuongeza kitu. Nilimaliza wali wangu, nikauona mtamu, nikaomba kunde nyingine. Wakaaga kwa adabu, gari likashuka mlima. Nilipotaka kumwambia Sista jinsi moyo wangu ulivyotulia, nikaona sahani yake iko vilevile alivyoipakua. Aliinuka akaenda famasi, akatoa chupa zote kwenye rafu, akaanza kuzipangusa moja moja.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa Lindi, kwenye nyumba ya masista wazee. Mapafu yalikuwa yamechoka na mikono ilitetemeka, hata ufunguo wa kutia sahihi alishindwa kuubonyeza sawasawa. Nilikwenda na Zuwena, aliyekuwa likizo kutoka shule ya viziwi, msichana mrefu sasa, ana maneno mengi mikononi. Sista alikuwa amejifunza lugha ya alama uzeeni kwa ajili yake. Wakapiga soga muda mrefu, mimi nikiambulia nusu. Zuwena akacheka, akanigeukia na kuniambia kwa mikono: Sista ana kigugumizi cha vidole. Sista akacheka mpaka akaletewa maji.

Zuwena alipotoka kwenda kutazama kuku, Sista akaniambia nifunge mlango.

"Toleo lile tulilolisimamisha mwaka juzi," akasema, "alama zetu zililingana, nami nikakwambia tungoje. Ukaniuliza kwa nini, nikakufokea."

"Nakumbuka. Tukakuta kipande cha maandishi tulichokichukua kwa watu wengine kimechezewa. Wote wawili tulikuwa tumepika sumu ileile."

"Aliyeliona ni Mhandisi."

Nikadhani maradhi yanasema.

"Tangu tulipomtoa jikoni," akaendelea, "kila toleo tunalotoa, yeye anapika kwake, kwa vipande anavyovichukua mahali pengine. Anatuma ujumbe kwangu. Zimelingana. Hazijalingana. Basi, hasemi kingine. Hajakosa toleo hata moja."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Sijawahi kumjibu."

"Miaka yote hii?"

"Nilimsoma kila mara. Kumjibu sikumjibu." Alivuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Ufunguo wangu lazima upate mtu. Nataka uwe wake."

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuambiwa mgonjwa, wala sista. Nilimwambia ameniuza. Nilimwambia kama amemsamehe angeniambia mapema, nisingepoteza miaka nikidhani tuko wawili.

"Nani kakwambia nimemsamehe?" Macho yake yalikuwa makali kama siku ya buti za matope. "Sijamsamehe. Nitamkuta mbele ya Mungu na tutaongea. Lakini yule mtu analiona jaribio la mwanao kila anapopika. Jina la Zuwena linapita mbele ya macho yake kabla ya jina lolote. Unamjua mwingine atakayeogopa kiasi hicho?"

Niliita, kisha nikakumbuka, nikaenda kumgusa Zuwena bega, tukaondoka.

Hakumaliza mwezi. Tulimzika misheni, vilimani, mvua ikinyesha. Yule mwenyekiti wa mguu alikuja na fimbo yake, akasimama mbele kuliko jamaa. Mhandisi alikuwa mbali, karibu na uzio, peke yake, nywele zimeanza mvi kabla ya umri. Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata. Akaniona nakuja, akavua kofia.

"Pole, dada."

"Alhamisi tunatoa toleo," nikamwambia. "Utapika upande wa pili. Ufunguo wa Sista nitakutumia leo."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Umenisamehe?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu unaogopa."

Akanyoosha mkono. Sikuupokea. Nilimwacha pale kwenye uzio nikaenda kutafuta usafiri wa kushuka.

Alhamisi asubuhi niliwasha kompyuta kabla ya kufungua mlango wa duka. Nikapika. Jina la mwanangu likapita la kwanza, halafu mengine yote. Alama za Mhandisi zilikuwa zimeshafika, na chini yake ameandika: Zimelingana, dada. Nashukuru.

Nililinganisha mwenyewe herufi kwa herufi. Nikatia sahihi, nikatoa toleo. Sikumjibu.